Cheti cha Tabia Kisichojua Tabia

Wino wa alama za vidole hautoki kwa kunawa mara moja. Ukitoka Huduma Centre ukapanda matatu, abiria aliye kando yako akiviona vidole vyako vyeusi anajua ulikotoka: unatafuta kazi, na umetumwa ukalete cheti cha tabia njema.

Utaratibu wenyewe Wakenya wengi wanaujua kwa moyo. Unalipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja (ukiichapisha kwenye karatasi mbili unarudishwa saiba), kisha afisa anakushika kidole kimoja kimoja na kukibiringisha kwenye wino, vyote kumi. Foleni ina watu wa kila namna. Kuna bawabu anayetaka kusajiliwa, dereva anayetafuta beji ya kubeba abiria, mwalimu aliyemaliza chuo anayeomba nambari ya usajili ya TSC, tume ya walimu, na dada anayesafiri kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia au Qatar. Karatasi zao zinapelekwa kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, na kusubiri kunaanza.

Jina la cheti hicho linachekesha ukilitazama vizuri. Tabia njema! Hakuna anayekuuliza kama unalipa madeni yako, kama unampiga mkeo, kama jirani anaweza kukuachia ufunguo. Kinachofanyika ni kitu kimoja tu: alama zako zinalinganishwa na zilizomo kwenye kumbukumbu za jinai. Zisipopatikana humo, una tabia njema. Polisi wenyewe siku hizi wana jina la unyenyekevu zaidi, cheti cha kuidhinishwa na polisi, lakini matangazo ya kazi yameng'ang'ania lile la zamani. Na jina la zamani ndilo linalofanya kazi kichwani mwa mwajiri. Mtu asiye na tabia njema atakuwa na nini, kama si tabia mbaya?

Nimewahi kuketi upande ule mwingine wa meza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye jopo la kuajiri dereva katika shirika moja dogo. Waliofika hatua ya mwisho walikuwa wanne. Mmoja wao, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliendesha vizuri kuliko wenzake wote. Ni yeye peke yake aliyelizunguka gari na kuyatazama magurudumu kabla ya kupanda. Lakini karatasi yake ya polisi ilikuwa na mstari ambao za wenzake hazikuwa nao. Mwenyekiti aliitazama, akaipitisha kushoto kwake, ikazunguka meza, ikamrudia. Hakuna aliyesema neno. Mimi pia sikusema. Jina likatoka kwenye orodha tukaendelea na anayefuata.

Kimya kile nimekitafakari mara nyingi. Haikuwa chuki, sidhani kuna mmoja wetu aliyemwona kuwa mtu mbaya. Ulikuwa uvivu tulioupa jina la tahadhari. Mwajiri makini angeuliza mambo matatu: ni kosa gani, lilitendeka lini, na linaihusu vipi kazi hii? Cheti kinajibu swali jingine kabisa, nalo ni kama polisi wamewahi kukutana na vidole hivi. Sisi tulilichukua jibu la swali hilo tukalitumia kujibu letu, kwa sababu lilikuwa limepigwa muhuri.

Wazo la kwamba Mwafrika anayetafuta kazi aje na alama za vidole halikuanza na eCitizen. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande, mara nyingi ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, kazi alizowahi kufanya, na sahihi ya mwajiri wa mwisho ya kuthibitisha kwamba amemwachilia. Bila sahihi hiyo hupati kazi kwingine. Sisemi cheti cha leo ni kipande. Kipande kilikuwa cha watu wa rangi moja, tena cha kuwazuia wasihame. Lakini mazoea ya mwajiri kuamini karatasi ya serikali kuliko mtu aliyesimama mbele yake yana mizizi mirefu, na yaliota kabla babu zetu hawajaulizwa maoni.

Vidole hufikaje kwenye kumbukumbu hizo? Vingine hufika kwa wizi wa mabavu, kwa kujeruhi, kwa unajisi, na hapo sina machozi ya kumwaga. Lakini nenda mahakama yoyote ya hakimu siku ya Jumatatu asubuhi, hasa baada ya msako wa wikendi. Karani anasoma shtaka, mshtakiwa anaulizwa: ni kweli au si kweli? Asiye na wakili, aliyelala seli tangu Ijumaa, mwenye kibarua cha mjengo kinachomsubiri, hupiga hesabu ya haraka. Akisema si kweli kutakuwa na dhamana, na kesi kutajwa, na nauli ya kurudi mwezi ujao na ule unaoufuata. Akisema ni kweli atapigwa faini, jamaa watachanga, na jioni atakuwa nyumbani. Basi husema ni kweli. Hakimu humweleza adhabu yake, na humweleza kwamba ana siku 14 za kukata rufaa. Kuhusu cheti haelezwi kitu. Atajua baada ya miaka mingi, akiwa na wino vidoleni.

Baadhi ya makosa hayo hayakustahili kuwa makosa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ililisema hilo Desemba 2020 ilipojibu ombi la chama cha mawakili wa Afrika, PALU. Maoni yake yalikuwa kwamba sheria za uzururaji, zile zinazomruhusu askari kumkamata mtu kwa kuwa anaonekana hana kazi wala njia ya kujikimu, zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ni sheria tulizoachiwa na wakoloni. Na tazama mzunguko wake: unakamatwa kwa kukosa kazi, kisha unakosa kazi kwa kuwa uliwahi kukamatwa.

Wapo pia wanaopita salama, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Mwalimu amemharibu mwanafunzi. Familia mbili zinakutana, fedha zinatolewa, msichana anapelekwa kwa shangazi yake wilaya nyingine, na mwalimu anahama shule. Vidole vyake havijagusa wino. Cheti chake kitakuwa safi kama cha mtawa. Ndiyo maana TSC haikutegemea cheti cha polisi peke yake: ilitoa waraka nambari 3 wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na majina ya walimu waliofutwa kwenye sajili hutangazwa hadharani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo inataka kuwepo sajili ya waliopatikana na hatia ya makosa hayo. Vyombo hivyo vinauliza swali linaloeleweka, kwamba huyu anafaa kuachiwa watoto? Hapo nataka ukali, na zaidi ya ule uliopo. Hoja yangu haihusu huruma kwa kila mtu. Cheti kinamnasa aliyepatikana na misokoto miwili ya bangi na kumwacha mwalimu yule, halafu tunakiita kinga.

Mwajiri naye ana hofu ya haki, nisije nikaonekana namdharau. Mwenye duka la jumla aliyeibiwa na mfanyakazi wake mara mbili hana idara ya rasilimali watu. Hana wakili wa kumshauri. Mfanyakazi akimdhuru mteja, yeye ndiye atakayeshtakiwa alipe. Akipewa karatasi yenye mstari na nyingine isiyo nao, kwa mshahara ule ule, atachagua isiyo nao, nami siwezi kumwita mkatili kwa hilo. Ila anachokipata ni utulivu wa moyo, na utulivu wa moyo si kitu kimoja na usalama wa duka. Karani anayeficha risiti kwa ustadi hana kumbukumbu ya jinai hadi siku atakayonaswa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2022 Bunge la Kenya liliirekebisha Sheria ya Ajira. Sasa mwajiri haruhusiwi kumdai mtafuta kazi vyeti vya kuidhinishwa mpaka awe anakusudia kumpa mkataba wa maandishi. Kilio kilichozaa marekebisho hayo kilikuwa cha gharama: kijana aliyemaliza chuo jana alilipia cheti cha polisi, akafuata cha tume ya kupambana na ufisadi EACC, cha bodi ya mikopo ya wanafunzi HELB, cha mamlaka ya ushuru KRA na cha madeni ya benki, ili barua yake isomwe tu. Bado naona matangazo yanayovidai vyote siku ya kwanza kana kwamba hakuna sheria iliyopita. Lakini hata pale inapofuatwa, sheria hiyo imebadilisha saa ya kuuliza tu. Mwajiri afanye nini na jibu akishalipata? Hapo imenyamaza, na jopo lile langu lingeweza kufuata kila neno lake na bado likamtoa yule dereva kwa kimya kile kile.

Wamarekani wameupita mtaa huu kabla yetu, na waliyoyaona yanafaa kuangaliwa. Mwanasosholojia Devah Pager alituma vijana waigizaji kuomba kazi za chini katika mji wa Milwaukee, wote na wasifu unaofanana, wengine wakidai wamefungwa kwa dawa za kulevya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2003 yalikuwa hivi: Wazungu wasio na kumbukumbu walipigiwa simu asilimia 34 ya mara walizoomba, na wenye kumbukumbu asilimia 17. Weusi wasio na kumbukumbu walipata asilimia 14, wenye nayo asilimia 5. Zisome tena namba hizo za katikati. Mzungu aliyetoka gerezani alikuwa na bahati kuliko mtu mweusi asiyewahi kukamatwa.

Huko kulikuwa tayari na kampeni ya kuondoa kisanduku kwenye fomu za kazi, kile cha kutia alama kama umewahi kupatikana na hatia. Hawaii ilikuwa jimbo la kwanza kukizuia, mwaka 1998, na baadaye wafungwa wa zamani wa California wakaifanya kampeni ya nchi nzima. Majimbo na miji mingi ikafuata. Kisha watafiti wawili, Amanda Agan na Sonja Starr, wakapeleka maombi bandia yapatayo 15,000 New Jersey na jiji la New York, kabla na baada ya kisanduku kuondolewa. Kabla, Wazungu waliitwa zaidi ya Weusi kwa asilimia 7 kwa waajiri waliokuwa na kisanduku. Baada ya kuondolewa, pengo lilifika asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa taarifa hakuacha kuogopa. Alianza kukisia, na alikisia kwa rangi.

Hapa kwetu angekisia kwa nini? Kwa mtaa. Andika Mathare au Korogocho kwenye anwani uone. Angekisia kwa jina la ukoo, kwa kovu, kwa Sheng' iliyoponyoka kwenye mahojiano. Kwa hiyo wanaodhani dawa ni kuificha kumbukumbu mpaka dakika ya mwisho, wakaishia hapo, watawaumiza vijana wa mitaa hiyo ambao hawajawahi kuona mlango wa seli.

Kinachokosekana kwetu ni tarehe ya mwisho. Waingereza, waliotuachia Kanuni ya Adhabu ya 1930, walijitungia wenyewe mwaka 1974 sheria ya kuwarekebisha waliokosa, na sisi wakati huo tulikuwa tumeshajitawala. Chini yake hatia "huisha" baada ya muda fulani, na mwenye nayo ana haki ya kutoitaja akiulizwa. Muda huo ulipunguzwa mwaka 2023: kifungo kisichozidi mwaka mmoja huisha mwaka mmoja baada ya kukimaliza, cha zaidi ya mwaka hadi minne huisha baada ya miaka 4, na cha zaidi ya hapo baada ya miaka 7, isipokuwa makosa mazito ya ukatili, ya kingono na ya ugaidi. Anayeomba kazi ya kukaa na watoto au wagonjwa huchunguzwa kwa undani zaidi. Afrika Kusini nayo inamruhusu aliyepata adhabu ndogo kuomba kumbukumbu ifutwe ikipita miaka 10. Sisi hatujatunga sheria ya namna hiyo.

Miaka hiyo haikutolewa hewani. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza jimbo la New York mwaka 1980, wakataka kujua: asiporudia kosa, ni lini hatari yake inalingana na ya mtu yeyote wa umri wake mtaani? Kwa aliyekamatwa akiwa na miaka 18 kwa kuvunja nyumba, jibu lilikuwa miaka 3.8. Kwa unyang'anyi, miaka 7.7. New York si Nakuru, najua. Lakini kama mtu anayadharau makadirio hayo, alete yake; "milele" si makadirio.

Na milele ndiyo tuliyowatishia watoto. Mwaka 2021, wimbi la kuchoma mabweni liliporudi kwenye shule za sekondari, DCI iliwaonya wanafunzi kwamba makosa yao yatahifadhiwa na kuonekana kwenye cheti cha tabia njema watakapokitafuta. Wazazi wengi waliunga mkono, na naelewa, bweni likiungua watoto wanakufa. Ila wakati huo Sheria ya Watoto ya 2001, kifungu cha 189, ilikuwa ikikataza hata kutumia maneno "hatia" na "hukumu" kwa mtoto aliyefikishwa Mahakama ya Watoto. Bunge liliona neno lenyewe ni zito mno kwa mtoto wa miaka 15. Polisi wakaahidi kulichapisha kwenye karatasi atakayoibeba akiwa na 30.

Linganisha na anayetaka kuwa mbunge. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia aliye chini ya adhabu ya kifungo cha miezi sita au zaidi siku ya kujiandikisha au ya uchaguzi, tena kinasema hazuiwi mpaka njia zote za rufaa na mapitio ziwe zimekwisha. Aliyemaliza kifungo chake, hicho kimekwisha. Ni kanuni nzuri! Naipenda. Nashangaa tu kwamba tumeiweka kwa anayekwenda kugawa mabilioni, na bawabu anayelinda lango la duka la viatu hana cha kumfanana. Kule gereza la Kamiti wafungwa wamekuwa wakitengeneza nambari za magari kwa miaka mingi. Wakitoka, gari lenye nambari waliyoigonga kwa mikono yao hawawezi kuliendesha likiwa na abiria, kwa kuwa beji inadai cheti.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, ina orodha ndefu ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu: rangi, jinsia, dini, ujauzito, hali ya HIV na mengine. Kumbukumbu ya jinai haimo. Sidai iingizwe hivi hivi bila masharti, maana benki ina haki ya kumkataa mghushi na shule ina wajibu wa kumkataa mnajisi. Ningeanza na mambo mawili. La kwanza ni ile tarehe ya mwisho, iwekwe na Bunge, ili DCI isichapishe kilichokwisha muda. La pili ni dogo kuliko linavyoonekana: mwajiri anayemkataa mtu kwa sababu ya mstari kwenye cheti aandike kosa lenyewe, mwaka wake, na linavyogusana na kazi, kisha mwombaji apewe nafasi ya kujibu. Marekani, mwajiri anayetumia ripoti ya kampuni ya uchunguzi hulazimika kumpa mwombaji nakala kabla ya kumkataa; mara nyingine ripoti huwa ya mtu mwingine mwenye jina kama lake. Sentensi tatu za maandishi. Wengi tukilazimika kuziandika kalamu itasita.

Yangu ilisita. Wiki moja baada ya mahojiano yale nilipewa kazi ya kupanga faili, na ndipo nilipousoma ule mstari mpaka mwisho: kupatikana na bangi, misokoto miwili, faini, miaka tisa nyuma. Mkataba wa dereva mwingine ulikuwa umeshatiwa sahihi. Fomu yetu ilikuwa na mahali pa kuandika matokeo, nikaandika "hakuteuliwa". Chini yake palikuwa na mistari mitatu ya sababu. Niliiacha wazi, nikafunga faili.